Chini ya gari kuna chumvi: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Masika yameisha na meza yetu imejaa maswali ya kutu. Tumeyaweka pamoja katika toleo hili, kwa kuwa jibu la mmoja huenda likamfaa jirani yake. Mengi yametoka Tanga mjini, mengine njia ya Pangani na Muheza.

Lami, nta au oili chafu?

*Nimenunua Toyota IST iliyotoka Japani, haijamaliza miezi miwili mikononi mwangu. Fundi mmoja anataka aipige ile dawa nyeusi ya lami chini yote. Wa pili anasema oili chafu inatosha. Muuza duka naye ananisukumia nta. Nyumbani kwangu ni Raskazone, bahari naiona dirishani. Nishike la nani?*
Msomaji, Raskazone

Ndugu yetu, bado usishike la yeyote. Wote watatu wamekutajia dawa bila kuuliza bati lako likoje. Ingia chini ya gari kwanza.

Tuanze na adui. Chuma hakingoji mvua ndipo kishike kutu. Utando mwembamba wa maji unakitosha, na mletaji wa maji hayo ni chumvi. Chumvi ya jikoni huanza kunyonya unyevu na kuyeyuka yenyewe hewa ikifikia unyevu wa asilimia 75 hivi. Ya bahari ni sumbufu zaidi, kwa sababu ina kloridi ya magnesiamu, na hiyo hulowa hata kwenye asilimia 33. Ukanda wetu hewa haikauki kiasi hicho. Ndiyo maana gari lililolala uani bila kuguswa na tone la mvua huwa limelowa chini tangu jioni hadi jua lipande. Ukiipaka dawa juu ya chumvi hiyo, dawa yoyote ile, umeifungia ndani pamoja na chakula chake.

Sasa ukaguzi. Chukua tochi, bisibisi na nyundo ndogo. Gonga polepole: bati zima hulia kwa ukali, lililooza hutoa sauti butu kama debe lenye mchanga. Angalia vizingiti chini ya milango, hasa pale jeki inapokaa. Matao ya magurudumu ya nyuma. Mahali mikono ya magurudumu inapofungwa kwenye bodi. Na mabomba ya breki kwa urefu wake wote. Bisibisi ikizama kwenye kizingiti au kwenye mshikio wa magurudumu, hapo hakuna swali la dawa tena. Ni kazi ya kukata na kuchomelea bati jipya, na dawa itafuata baadaye. Bomba la breki lenye vipele vya kutu hubadilishwa. Halipakwi kitu.

Ukikuta bati zima, una bahati, na bahati hiyo usiiharibu. Bodi ya gari kama hili huzamishwa kiwandani ndani ya rangi inayovutwa kwa umeme hadi ishike kila pembe, maungio hujazwa sili, na sehemu zinazopigwa na changarawe hupewa tabaka la PVC. Hakuna atakachopuliza fundi uani kikalishinda tabaka hilo. Likiwa limeshika vizuri lioshe, likaushe, liongezee ulinzi juu. Anayetaka kulikwangua lote ili “aanze upya” anakuuzia hasara.

Kwa gari lako tungechagua hivi. Ndani ya vizingiti, milango na mihimili ya chini, tumia nta nyembamba ya kupuliza kwa mpira mrefu wenye ncha inayotawanya pande zote. Nta ya aina hiyo hubaki laini, hupenya maungio ya bati, na ikichubuka hujifunga yenyewe. Nje, chini ya sakafu, weka nta nzito au dawa ya lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo. Zote mbili hazipasuki, na kutu ikichipuka chini yake unaiona. Soma kopo kabla ya kulipa: chagua nta iliyoandikwa kuwa haichuruziki hadi nyuzi 70 au zaidi, kwani zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi huteremka taratibu hadi sakafuni gari likiegeshwa juani kutwa.

Lami tungeiacha kwenye matao ya magurudumu tu, tena juu ya bati safi lililokwisha kupigwa praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi inayoshika bati. Hatuichukii. Ni nene, hustahimili mawe na hupunguza kelele za barabara. Ubaya wake huja na umri. Joto huikausha, hupasuka, kingo zake hunyanyuka, maji ya chumvi hujivuta kwa chini, na yakishaingia hayatoki. Kwa nje unaona weusi unaong'aa, kwa ndani bati limekuwa biskuti.

Vipimo: IST ina kama mita 3.9 kwa 1.7. Ukihesabu mikunjo, una eneo la mita za mraba 9 hivi. Nta nzito ikiwekwa mbichi kwa unene wa mikroni 300, yaani sehemu tatu za kumi za milimita, inataka lita 2.7. Nunua lita 3. Za ndani zikadirie kuwa lita moja na nusu hadi mbili. Matao manne ya magurudumu yana mita za mraba 2 hivi, na lami ya mikroni 500 humaliza lita 1 kwa kila mkono, yaani kila mpako. Fundi akikuambia amelimaliza gari zima kwa kopo moja la nusu lita, amepaka mahali macho yako yanapofika.

Wazee walitumia oili chafu

*Magari ya mkonge tuliyoyaendesha zamani tuliyapiga oili chafu kila baada ya masika na yalidumu. Leo vijana wanatuambia ni kosa. Kosa liko wapi?*
Msomaji, Mikanjuni

Shikamoo mzee wetu. Hukukosea ulichokiona: mafuta yoyote yanayokaa juu ya chuma huzuia maji yasikiguse. Chesisi ya lori la zamani ilikuwa na chuma kinene, na ikiliwa milimita moja ilibaki na zake tano. Bati la sakafu ya gari dogo la leo halifiki milimita moja. Nafasi ya kukosea haipo.

Oili ikishazunguka ndani ya injini huwa imebeba asidi za mwako, masizi, chembe za metali na maji kidogo. Hivyo unapaka kinga na kichochezi kwa pamoja. Ni nyembamba, madimbwi mawili matatu yanaiondoa. Mafuta ya petroli huvimbisha mipira, na mpira wa bomba la breki uliotengenezwa kwa EPDM ukilowa mafuta huvimba na kulegea. Bushi za mikono ya magurudumu nazo huharibika. Isitoshe, oili chafu ina kemikali zinazosababisha saratani ya ngozi, na inayodondoka uani huishia kisimani. Ukipenda mafuta, yapo mepesi yaliyotengenezwa kwa kazi hii, yana dawa ya kuzuia kutu na hupenya kwenye maungio. Huwekwa upya kila mwaka. Kwa gari la pwani ni bora kila miezi sita.

Noah ishaanza kuliwa: nifanye mwenyewe

*Noah yangu ina kutu juu juu sehemu nyingi za chini, haijatoboka. Nina jeki, grainda na kompresa ndogo. Naomba hatua kwa hatua, nimetenga siku nne. Je, redoksaidi inaua kutu?*
Msomaji, Chumbageni

Tujibu la redoksaidi kwanza, maana imewaponza wengi. Haiui kutu. Rangi yake nyekundu ni ya oksidi ya chuma, ambayo kwa asili ni kutu iliyosagwa, na kazi yake ni kufunika tu. Sifa kubwa aliyonayo “nyekundu” ilitoka kwenye praima ya zamani ya madini ya risasi, ambayo kweli iliuzuia uozo lakini ni sumu. Rangi zilifanana, jina likahama, sifa ikalifuata.

Siku ya kwanza ni ya maji. Pandisha gari kwenye stendi nne za chuma juu ya sakafu ngumu. Usilale chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kwa dakika moja. Toa magurudumu na zile ngao za plastiki ndani ya matao, maana nyuma yake tope lenye chumvi hukaa miaka. Lainisha grisi na oili kwa sabuni ya kuondolea mafuta, kisha suuza kwa maji baridi ya bomba ya kutosha. Rudia kusuuza baada ya saa moja, kwa sababu chumvi iliyojificha kwenye vishimo vya kutu haitoki kwa mkupuo mmoja. Liache likauke hadi kesho yake, milango ikiwa wazi. Kompresa ikusaidie kupuliza maungio.

Siku ya pili ni ya kukwangua, na hapa usiwe mvivu. Toa magamba yote kwa patasi, kisha brashi ya waya kwenye grainda, umalizie kwa msasa namba 80. Ile brashi ya waya ikibanwa sana husugua kutu mpaka ing'ae kama chuma, ikakudanganya. Msasa ndio unaokuonyesha ukweli. Ulaini wa kingo ni muhimu pia: rangi nzima inayopakana na sehemu uliyokwangua ipunguzwe taratibu usibaki ukuta, maana kwenye ukuta huo ndipo rangi mpya huanza kunyanyuka. Vaa miwani ya kazi. Nyuzi za brashi hurushwa kama sindano.

Kutu itakayobaki ndani ya vishimo ipake kibadilisha kutu. Chenye asidi ya taniki huigeuza kuwa kitu cheusi cha samawati kilichotulia. Chenye asidi ya fosforiki huacha fosfati ya chuma ya kijivu. Paka mikono miwili myembamba, usitengeneze dimbwi, acha saa 24. Kibadilisha kutu hufanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyoshika. Ukikipaka juu ya magamba kinabadilisha ngozi ya juu tu, gamba linaanguka nalo. Wala usikiweke kwenye bati jeupe, yaani lililo tupu bila kutu, hakuna cha kubadilisha pale. Wako wanaotumia maji ya betri kwa kazi hii. Tafadhali usijaribu: hiyo ni asidi ya salfuriki, itaingia kwenye maungio usikoweza kusuuza, na itaendelea kula wewe ukiwa umelala.

Siku ya tatu, praima. Chagua epoksi ya vikopo viwili, yenye hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Kwa bati jeupe kabisa watu huuliza kuhusu praima ya zinki. Ni nzuri mno, kwani zinki huliwa badala ya chuma, lakini ni lazima iguse chuma kitupu. Juu ya kutu, rangi ya zamani au kibadilisha kutu inakuwa rangi ghali tu. Noah yako ina mchanganyiko wa vyote hivyo, kwa hiyo epoksi ndiyo yako.

Changanya kwa kipimo cha kopo, si kwa kukadiria. Kopo likisema 4 kwa 1, chukua chombo chenye mistari. Hadina ikizidi haikaushi haraka zaidi, inaacha rangi tete inayomeguka. Iache itulie kwa muda ulioandikwa kabla ya kupaka. Kumbuka pia kwamba muda wa kuitumia hupungua karibu nusu kila joto likipanda nyuzi 10: iliyoandikwa saa 4 kwa nyuzi 20, kwetu kwenye nyuzi 30 inaweza kukupa saa 2. Changanya kidogo kidogo.

Saa za kupaka ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Sababu ni umande. Hewa ikiwa na nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 85, umande huanza kutua kwenye kitu chenye nyuzi 25, na bati linatakiwa lizidi kiwango hicho kwa nyuzi 3 walau. Bati la asubuhi lililolala kivulini halijafika. Ukipaka juu yake unapaka juu ya maji usiyoyaona, na epoksi hutoka na ukungu mweupe unaonata, ambao rangi ya pili haiushiki. Ukiuona ukungu huo, uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukauke, upigwe msasa mwepesi ndipo uendelee. Mikono miwili, jumla ya unene mkavu wa mikroni 100 hivi. Epoksi yenye nusu ya ujazo wake yabisi hutoa mikroni 50 kavu kwenye mita za mraba 10 kwa lita moja. Noah haizidi mita za mraba 12 chini, nawe unapaka mabaka, kwa hiyo lita 2 zikishachanganywa zinakutosha.

Baada ya epoksi, kabla haijapitisha muda wa mwisho wa kupakwa juu ulioandikwa kwenye kopo, jaza sili kwenye maungio yaliyopasuka. Weka pia tabaka la kukinga mawe kwenye matao.

Siku ya nne, nta. Kabla ya kupuliza, chomeka vijiti vya mishikaki kwenye kila tundu la kutolea maji chini ya vizingiti na milango, uvitoe baada ya kupaka kabla nta haijaganda. Tundu likizibwa, kizingiti kinakuwa mtungi. Funika kwa nailoni na tepu ya karatasi: diski na kalipa, ekzosi nzima, nyaya na soketi zake, mipira ya ekseli, propela shafti, na kile kipumulio kidogo juu ya difu na gia boksi. Puliza mikono miwili myembamba badala ya mmoja mzito. Mzito hukauka juu, ndani ukabaki tope, siku ya jua kali unateremka kama uji.

La usalama, mara moja tu: mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa kwenye shimo la fundi. Chomoa betri, zima jiko la mkaa hata kama liko hatua kumi, na usifanye kazi hii ndani ya shimo. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inatakiwa yenye vichujio vya mkaa. Rangi za polyurethani zenye isosianati muachie mwenye mavazi ya kupumulia hewa ya kuletwa kwa mpira. Mapafu hayabadilishwi.

Gari linafuka na breki zinateleza

*Jumamosi gari limepigwa dawa chini kwa kompresa. Tangu hapo linatoa moshi nikisimama na breki zinateleza. Fundi anasema itaisha yenyewe.*
Msomaji, Muheza

Bibie, moshi huenda ukaisha. La breki haliishi lenyewe. Usiliendeshe hadi magurudumu yatolewe. Diski zisafishwe kwa dawa ya kusafishia breki na kitambaa safi. Padi zilizolowa zitupwe na ziwekwe mpya, kushoto na kulia, hata kama zilikuwa na wiki moja. Kuzichoma kwa moto au kuziosha kwa petroli hakuzirudishi, kwani nta imeshaingia ndani ya nyama yake. Nyuma kama kuna ngoma, zifunguliwe pia. Pini za kalipa zitelezeshwe kwa mkono kuona kama zimenata.

Moshi wenyewe unatoka kwenye ekzosi. Dawa ikiganda karibu na katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzosi, ambayo hufika mamia ya nyuzi, inaweza kuwaka, basi ikwanguliwe yote gari likiwa baridi. Mwambie pia aangalie kipumulio cha difu. Kikizibwa, joto hujenga shinikizo na oili hutafuta njia kwenye sili za ekseli. Gharama ni ya aliyepuliza bila kufunika.

Kirikuu ya samaki

*Nabeba samaki na barafu kutoka Deep Sea kwenda mitaani. Sakafu ya bodi imeoza mara mbili ndani ya miaka mitatu. Kila mara napaka rangi nzuri.*
Msomaji, Ngamiani

Dada, rangi yako haina kosa kubwa, maji ndiyo hayana pa kwenda. Barafu ikiyeyuka juu ya samaki wa bahari hutoa maji ya chumvi siku nzima. Yanaingia chini ya mikeka na mbao, yanapita kwenye matundu ya skrubu, yanaishi kwenye mihimili iliyobeba bodi. Ukipaka juu unapendezesha upande usioliwa.

Anza na maji. Pata masanduku ya plastiki yasiyovuja kwa ajili ya samaki na barafu, na mpira wa kutolea maji unaofika chini kabisa nyuma ya gurudumu, yasirushwe kwenye chesisi. Ondoa mikeka inayolala moja kwa moja kwenye bati. Weka vipande vya plastiki chini yake ili hewa ipite. Skrubu za chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, zilizochomekwa kwenye bati la kawaida ni mtego: vyuma viwili tofauti vikikutana ndani ya maji ya chumvi, kile dhaifu huliwa kwa kasi, na dhaifu hapo ni bati. Kila skrubu ikalie kwenye sili na waisha ya plastiki.

Bodi ikishachomelewa upya, sehemu za uchomeleaji zisafishwe hadi bati jeupe, moshi na vitone viondoke, kisha epoksi mikono miwili juu na chini, si juu tu. Ndani ya mihimili ya mraba ipulizwe nta. Jioni, mwishoni mwa kazi, ndoo tatu za maji ya bomba zipite juu ya sakafu na chini yake. Hilo la jioni lina thamani kuliko kopo lolote dukani, ingawa tunajua baada ya kutwa sokoni hakuna anayelitamani.

Maji ya kisima

*Hapa Sahare kijana wa kuosha magari anatumia maji ya kisima. Yana ladha kidogo. Je, yanadhuru?*

Yakiwa na ladha ya chumvi ulimini, kloridi yake inaelekea kuwa imepita miligramu 250 kwa lita, maana chini ya hapo watu wengi hawaisikii. Si sawa na bahari yenye gramu 19 hivi za kloridi kwa lita, lakini yanakauka kwenye maungio na kuacha chumvi yake kila wiki. Aoshe tope kwa maji hayo ukipenda, bali mwisho asuuze kwa maji ya bomba. Hilo hilo kwa wanaovuka kivuko cha Pangani: ukikanyaga maji kwenye ngazi ya kivuko, suuza chini siku hiyo hiyo.

Kifaa cha umeme

*Nimeuziwa kijisanduku kinachofungwa kwenye betri, eti kinazuia kutu gari zima. Ni kweli?*

Hapana. Umeme hulinda meli na mabomba yaliyofukiwa kwa sababu yamezungukwa na maji au udongo wenye kupitisha mkondo. Gari limezungukwa na hewa. Fedha hiyo ingetosha nta.

Kuagiza Japani

*Nitajuaje kutu kabla gari halijapanda meli?*
Msomaji, Majani Mapana

Omba karatasi ya mnada. Kwenye mchoro wa gari, herufi S husimama kwa “sabi”, ndiyo kutu kwa Kijapani, na C ni uozo uliozama. Namba pembeni yake ikikua, hali ni mbaya zaidi. Tatizo ni kwamba mchoro unaonyesha zaidi bodi ya juu, hivyo tafuta maandishi ya pembeni yanayotaja chini ya gari, na umpe anayesoma Kijapani akutafsirie. Uliza pia gari limeishi wapi. Hokkaido na kaskazini mwa Honshu barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na hilo hula mabomba ya breki na mihimili ya nyuma. Dai picha za chini zenye mwanga mzuri. Picha inayoonyesha weusi mpya, mmoja, unaong'aa kila mahali hadi kwenye nati na ekzosi, hiyo si dalili njema. Kuna kitu kimefunikwa juzi.

Fuso yenye chesisi iliyovimba

*Fuso yangu inabeba mizigo Pongwe na bandarini. Sehemu ambapo bati mbili za chesisi zimelaliana, kutu imevimba katikati hadi zimeachana. Nipige lami nizibe?*
Msomaji, Duga

Usizibe. Kutu huchukua nafasi mara kadhaa ya ile ya chuma kilichoizaa, ndiyo iliyosukuma bati hizo, na nguvu yake hukata hata riveti. Ukifunga kingo kwa lami umebakisha maji ndani, uvimbe utaendelea usipouona.

Pima kwanza. Weka rula ya chuma juu ya uvimbe, ukiona pengo limezidi milimita 3 au riveti imelegea, lipeleke kwa fundi wa chesisi akatoe riveti, atenganishe bati, asafishe, apige praima ya zinki kwenye chuma kitupu na afunge upya kwa bolti za daraja sahihi. Asitoboe wala kuchomelea kwenye kingo za juu na chini za mhimili, ndizo zinazobeba mvuto mkubwa, na ufa huanzia hapo.

Pengo likiwa dogo, dawa nzuri ni mafuta mepesi ya kupenya. Osha, kausha kwa kompresa, kisha pulizia upande wa juu wa maungio asubuhi na jioni kwa siku tatu, yajivute ndani yenyewe. Kinga mipira ya hewa ya breki kwa nailoni kabla hujaanza. Weka alama ya rangi nyeupe pale ulipopima, andika tarehe na milimita kwenye mlango kwa ndani, urudie kupima kabla ya vuli na baada ya masika. Namba ikipanda hata kwa milimita moja, fundi wa riveti hana mbadala.